Namba Alizoomba Bakatu

Ndege ilikuwa imeshageuza pua kuelekea baharini, na mjukuu wangu alikuwa bado anapunga mkono.

Haikuwa ndege aliyokuwa akiipungia. Alikuwa akimpungia Rutia, rafiki yake wa kufa na kuzikana, aliyekaa mle ndani kwenye kiti kilichokuwa chake yeye.

"Babu, punga na wewe. Anatuangalia."

Nikapunga. Mkono ulikuwa mzito kama nanga.

Msomaji aliyekosa sehemu ya kwanza kwenye gazeti la wiki iliyopita nimvushe upesi. Mjukuu wangu Karawaiti aliwashinda wasichana wote wa mwaka wake hapa Tarawa, akapewa nafasi ya kusomea udaktari Suva, ng'ambo ya bahari, kwa ufadhili. Nafasi ilikuwa moja tu kwa visiwa vyetu vyote. Tukamfanyia karamu kwenye maneaba, ukumbi wa ukoo, na mimi babu yake nikasimama kuhutubia. Kisha tukamsindikiza uwanja wa Bonriki na mkeka wake na chupa ya asali ya tembo la mnazi. Pale mezani wakatafuta jina lake, hawakuliona. Wakatafuta tena. Lililokuwepo lilikuwa la Rutia binti Bakatu, wa pili kwenye orodha, aliyeitwa kwa sababu "wa kwanza amekataa nafasi".

Na Rutia alikuwa pale pale na begi lake. Sisi tulidhani amekuja kusindikiza.

"Walinipigia juzi," alisema huku anaangalia viatu vyake. "Sikujua nikuambieje, dada. Nilidhani umebadili mawazo."

Mnajua Karawaiti alifanya nini? Alilivua shada la maua tulilomvika, akamvisha Rutia. Chupa ya asali akampa pia. "Kuna ofisi imekosea," akamwambia. "Wewe nenda, usije ukaachwa na ndege. Mimi nitakukuta huko huko."

Ndege ikaruka. Watu wakatawanyika.

Bakatu, baba yake Rutia, alikuwa kando ya pikapu yake. Huyu ni ndugu yangu, bibi yetu mkuu ni mmoja, Nei Temaiti, yaani Bi Temaiti. Kwenye maneaba hata sehemu ya kukaa tunakaa moja.

"Pandeni, kaka," akasema. "Niwafikishe nyumbani."

"Si nyumbani. Tupeleke chuoni."

Alikuwa ameshawasha gari. Akalizima.

"Chuoni kufanya nini?"

"Kuuliza nani kamkatalia mtoto nafasi."

"Ah, kaka. Watu wa ofisi hao! Utaulizwa maswali mpaka usahau ulichokwenda kuuliza. Mtoto amechoka, wewe umechoka. Nendeni mkalale."

"Bakatu, endesha."

Akaendesha. Njia nzima mtu yule, ambaye huwa haishiwi maneno, hakusema neno. Mimi nikadhani anatuonea huruma.

*

Anayeshughulikia akaunti za wanafunzi pale chuoni alikosoma Karawaiti anaitwa Nei Tinai. Tulimkuta anakula wali na samaki mezani kwake.

"Nafasi umeikataa mwenyewe," akasema, kijiko mkononi.

"Sijaikataa," akasema Karawaiti.

"Mashine inasema umeikataa. Uliingia kwa akaunti yako, ukafungua ukurasa wa ufadhili, ukabonyeza 'nakataa'. Ikakuuliza, una hakika? Ukabonyeza 'ndiyo'."

"Dada, mimi ningekataa udaktari ili nifanye nini? Niuze barafu?"

Tinai akacheka kidogo, akaanza kubonyeza-bonyeza. Kicheko kikamwisha taratibu.

"Hukupata barua pepe za ufadhili?"

"Hata moja. Nilikuwa naziangalia kila siku kwenye kompyuta za maktaba."

"Zilikuja zote. Ila kuna mtu aliingia akapanga kwamba barua yoyote yenye neno 'ufadhili' ikifika itupwe hapo hapo, usiione."

"Mtu aliingiaje kwenye barua zangu?"

"Kwa mlango wako. Akaunti yenu ya chuo ni moja, mlango mmoja. Aliyeingia ameingia kote: barua, matokeo, bweni, ufadhili. Hakuna mlango wa pili wa kumzuia."

Mimi nimefanya kazi melini tangu ndevu hazijaota. Nikauelewa mlango huo haraka. Melini kuna ufunguo mkuu unaofungua vyumba vyote, na kapteni hulala nao shingoni.

"Neno lako la siri nani analijua?" akauliza Tinai.

"Mimi tu. Na babu, kwa sababu alinisaidia herufi. Ni jina la bibi yetu mkuu, na mwaka niliozaliwa."

Tinai akaweka kijiko chini.

"Nei Temaiti?"

"Umejuaje?"

"Si nilikuwepo karamuni! Nilikaa upande wa kaskazini, karibu na magimbi. Babu yako si alilitangaza?"

Nililitangaza kweli. Kwetu mtu akisimama kwenye maneaba lazima ataje anatoka kwa nani, na huyo alitoka kwa nani, mpaka ijulikane kakaa mahali pake. Nilivitaja vizazi vyote siku ile bila kukosea hata kimoja. Nilipofika kwa Nei Temaiti nikanogewa. Nikasema, na sauti ninayo: "Bibi huyu bado ana nguvu, jamani! Hata mashine ya chuo haimfungulii Karawaiti mpaka ataje jina la Nei Temaiti na mwaka aliozaliwa yeye mwenyewe!"

Walipiga makofi mpaka vumbi la paa likaanguka kwenye wali. Bakatu alikuwa ubavuni kwangu. Alinipiga mgongoni akasema, umesema kaka, umesema.

"Babu," akasema Karawaiti polepole, "uliwaambia watu wote?"

"Nilikuwa namsifu bibi yako."

"Ngojeni," akasema Tinai. "Msianze kulia bado. Neno peke yake halitoshi. Mtu akiingia kwa mashine ngeni, namba sita zinatumwa kwenye simu ya mwenye akaunti. Bila hizo haingii mtu. Na hapa namba zilitumwa, zikatumika. Siku moja baada ya karamu, asubuhi."

"Simu yangu ilitumbukia majini," akasema Karawaiti. "Niliandikisha simu ya..."

Hakumaliza. Aligeuka akaniangalia.

Msomaji, nimewahi kukaa kwenye mashua ya kuokolea watu bila maji ya kunywa. Sijawahi kuona kitu kigumu kama kuangaliwa vile.

"Mzee wangu," akasema Tinai, "kuna mtu alikuomba namba?"

"Sikumbuki," nikasema. "Hata ujumbe wa simu sijui kuusoma vizuri."

Uongo. Mimi niliyesoma ramani za bahari za nusu ya dunia.

Karawaiti akamgeukia Tinai. "Kama babu anasema hakumbuki, basi hakumbuki. Babu yangu hasemi uongo."

Bora angenizaba kofi.

Tinai akashusha sauti. "Nisikilizeni. Masomo Suva yanaanza baada ya wiki tatu, na mpaka hapo kamati ya ufadhili inaweza kurudisha nafasi. Inakaa Ijumaa. Mkinyamaza, basi aliyekataa ni Karawaiti mwenyewe, kwisha. Mkisema namba ilitolewa, kanuni inasema akaunti inatunzwa na mwenyewe. Ikitoka kwake au kwa ndugu yake, ni uzembe wake. Wanaweza kumfungia mwaka mzima."

"Sasa tufanye nini?" nikauliza.

"Mimi nafundisha watu wasitoe siri zao, mzee. Nyumbani kwangu mama kanibubuti neno la siri la intaneti, na ombi la ndugu halikataliwi; sasa kijiji kizima kiko ndani. Unaniuliza mimi?"

*

Naam. Namba nilizitoa mimi.

Asubuhi ile baada ya karamu Bakatu alikuja na jodari mbichi, akakaa kwenye kilili changu cha nje. Tukaongea ya upepo, tukaongea ya wagonjwa. Kisha akasema, "Kaka, nina bubuti."

Asiyekaa kwetu ataona ni neno dogo. Ndugu akikuomba kwa bubuti, hukatai. Ukikataa, aibu inadumu kwenye ukoo kuliko madoa ya mafuta kwenye mkeka. Nimetoa injini ya mtumbwi kwa bubuti. Nimetoa nguruwe aliyekuwa wa sikukuu. Shati nimelivua mwilini nikarudi nyumbani kifua wazi, na watu wakaniheshimu.

"Sema," nikamwambia.

"Namba zitakazoingia kwenye simu yako sasa hivi, nisomee."

Nikadhani ni bahati nasibu ya kampuni ya simu. Simu ikatetemeka. Nikazisoma moja moja, kwa sauti, na nikajisifu kwamba kwa umri wangu nasoma bila miwani. Yeye alikuwa na simu yake sikioni, anamrudishia mtu ninayoyasema. Nikamkaribisha chai. Akasema ana haraka.

*

Tulipotoka chuoni nilimwambia Karawaiti atangulie nyumbani. Mimi nikaenda kwa Bakatu kwa miguu, jua utosini. Nilimkuta anaosha pikapu.

"Namba zile zilikuwa za nini?"

Hakugeuka. "Zipi?"

"Bakatu, usinifanye mtoto."

"Ulinipa mwenyewe."

"Hukuniambia ni za nini!"

"Na wewe hukuuliza. Tangu lini bubuti ikaulizwa ya nini? Ulipoomba jahazi langu mwaka ule wa msiba nilikuuliza unaenda kuvua au kuzika?"

"Nani alibonyeza?"

"Mimi kompyuta hata kuiwasha sijui, kaka. Unanijua."

Akakamua kitambaa. Maji yakachuruzika, akaendelea kukikamua hata yalipokwisha.

"Rutia," nikasema.

"Alilia wiki nzima. Kashindwa kwa alama kidogo tu! Nyumbani hapa palikuwa hapalaliki. Akaniambia baba, Karawaiti ana akili, mwakani atapata tena, mimi sitapata tena. Ungefanyaje na wewe? Ni mtoto wangu."

"Na yule ni wa nani? Wa mbwa?"

Akatupa kitambaa, akanishika mikono yote miwili.

"Kaka. Mtoto akirudishwa sasa, atarudi mwizi. Hataolewa, hataajiriwa, hataingia maneaba. Na sisi ni sehemu moja, aibu itakukalia na wewe. Nina bubuti nyingine."

"Usiseme."

"Nakuomba ukimya wako. Hicho tu. Useme hukumbuki."

Nilikuwa nimeshasema hivyo ofisini. Kabla hajaniomba, nilikuwa nimeshampa.

Ndani ya nyumba mkewe alikuwa anaosha vyombo. Vyombo vikanyamaza.

Hapo palikuwa na nini cha kuchagua? Nikikubali, mjukuu wangu amekataa udaktari kwa mkono wake mwenyewe, na hatajua maisha yake yote kwa nini. Nikikataa, wanamfungia kwa uzembe wangu, na mimi ndiye mzee wa kwanza wa ukoo kumnyima ndugu. Nilitamani meli yoyote, hata ile ya kutu iliyonitupa Durban, inichukue nisionekane tena.

"Hapana," nikasema.

"Umesemaje?"

"Nimesema hapana, Bakatu."

Neno lenyewe lilitoka limekwaruza, maana halijatumika. Aliiachia mikono yangu kama ameshika chungu cha moto.

*

Karawaiti alikuwa anakuna nazi. Nikakaa mbele yake, chini kabisa, nikamweleza yote. Jodari, namba, Rutia. Na uongo wangu wa ofisini.

Aliendelea kukuna mpaka akafika kwenye kifuu.

"Namba ulizisoma kwa sauti?"

"Ndiyo."

"Zote?"

"Zote, mama."

"Nilimvisha shada langu," akasema.

Nikangoja alie, anitukane, anipige na kile kifuu. Ningemshukuru. Alinyanyuka akaosha mikono.

"Ijumaa tunakwenda, babu. Utasema."

"Wakikufungia?"

"Wanifungie mimi Karawaiti niliye na babu mropokaji. Huyo Karawaiti aliyebonyeza 'nakataa' simjui. Sitaki kuishi na jina lake."

Tulirudi kwa Tinai. Aliifunga akaunti, akafuta ule mpango wa kutupa barua, akamgeuzia Karawaiti kibodi.

"Andika neno jipya. Si jina la mtu, si mwaka, si kitu cha kutambia karamuni. Na wewe mzee, toka nje. Wewe na mababu zako wote mlio hai na mliokufa."

Nilitoka. Aliponiita tena, akauliza habari ya simu. Nikasema namba yangu ifutwe, sistahili.

"Ibaki," akasema Karawaiti.

"Kwa nini, mjukuu wangu?" Moyo ulikuwa umeshaanza kulainika.

"Kwa sababu sina simu nyingine, babu. Usijisifu."

Tinai akacheka. Mimi sikucheka. Kisha Karawaiti akanishika bega, mara ya kwanza tangu Bonriki. "Nikizihitaji zile namba sita nitakuja mwenyewe, nisimame mbele yako. Asiyesimama mbele yako si mimi."

"Na ujue," akasema Tinai, "mtu akidai amesahau neno la siri, namba zinakuja pia. Kwa hiyo simu ikitetemeka usidhani ni mjukuu wako. Inawezekana ni mtu anagonga mlango."

*

Basi, Ijumaa ile kila mtu alikuwa mahali pake.

Rutia alikuwa Suva, bwenini, kwenye kitanda kilichoandikwa jina lake juu ya jina lililokwanguliwa. Barua ya Tinai ya kumtaka ajieleze ilikuwa imemfika. Hakuijibu.

Bakatu alikuwa hanisalimii. Kwa kuwa sehemu yetu ni moja, Jumatano tulikaa bega kwa bega kwenye maneaba mkutano mzima, na kila mmoja alikula upande wake.

Mkewe alinirudishia mkeka niliompa siku ya arusi yao. Aliuacha mlangoni bila kubisha.

Watoto wa kijiji walikuwa wameshanipa jina. Mzee Neno la Siri.

Nei Tinai alikuwa ndani ya chumba cha kamati, kwa upande wa meza usio wetu, kwa sababu ndiyo kazi yake.

Mimi nilikuwa nimeshatoa ushahidi. Nilitaja jodari, nikamtaja ndugu yangu kwa jina lake na la baba yake, nikazisoma namba upya hewani kama nilivyozisoma siku ile. Mwenyekiti akaniambia asante, mzee, kangoje nje.

Karawaiti alibaki ndani. Mlango ulifungwa.

Nilikuwa kwenye benchi, simu mkononi, ilipotetemeka. Namba sita. Sijamaliza kuzitazama, ikaita. Namba ya mpigaji siijui. Laini ilikuwa inakwaruza kama mchanga, na ng'ambo msichana alikuwa analia.

"Babu," akasema. "Babu, nisomee. Upesi, wananingoja."

Mlango wa kamati ulikuwa bado umefungwa, na mbele yangu hapakuwa na mtu aliyesimama. Na wasichana wote wawili, tangu wanatambaa kwenye mkeka wangu, huniita babu.